Vioo vya rangi kanisani: tuving'oe au tuvisome?

Ndugu zangu wa Mombasa, hebu tubishane. Kanisani kwetu, upande wa Kisauni, kioo kimoja cha rangi kimepasuka, na sasa kamati ya ujenzi yataka kung'oa vyote iweke alumini. Si gharama tu. Ati picha zile ni za Freemason, kile chama cha siri. Ushahidi ni jicho ndani ya pembetatu. Jicho hilo makanisa ya Ulaya yalilichora karne ya 17, Mungu wa Utatu aonaye yote, kabla Freemason hawajalifanya lao. Lakini tangu Rais Moi aunde tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, pembetatu yoyote yatutia kiwewe.

Kioo kingine, ambacho bado ni kizima, kina ndege anayejidonoa kifua, makinda yakinywa damu. Mzee mmoja aliuliza, "Huyu kuku ana nini?" Ni mwari, ndege mkubwa alaye samaki. (Si mwari wa ndani, jamani, yule wa Zaburi 102.) Watu wa kale waliamini hulisha wanawe kwa damu yake, wakamfanya mfano wa Kristo. Ndege mwenyewe hajidonoi, hutapika samaki tu. Mfano wabaki mzuri, ila nimeketi chini yake miaka mingi na hakuna aliyenieleza.

Yapata mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimkemea Askofu Serenus wa Marseille kwa kuvunja picha, kwani wasiojua herufi walizisoma ukutani. Leo herufi twazijua, picha ndizo zimetushinda.

Rai yangu: mwari abaki, afundishwe. Palipopasuka tuweke nanga, kwani Waebrania 6:19 yaita tumaini nanga ya roho, na kengele ya Frere Town, iliyowaonya watumwa walioachwa huru kwamba wawindaji waja. Mtaa wa Kengeleni umeitwa kwayo. Nani hapa atauliza nanga ni nini?

*Wa Tudor:* Kutoka 20:4, usijifanyie sanamu ya kuchonga, umeiruka makusudi? Na kengele ni historia, haiokoi mtu.

*Mama Likoni:* Nanga si ya pwani yetu pekee, mwanangu. Wakristo wa kwanza waliichora makaburini Roma. Mimi naogopa kitu kingine: tukiweka kengele, wajukuu nao watauliza hii sufuria ni ya nini.

*Mwanzisha mada:* Mama, hapo umenibana. Wa Tudor, Kutoka 25:18 Mungu mwenyewe aagiza makerubi ya dhahabu. Nijibu hilo kwanza.