Ulinganisho: ndege iliyoanguka kwenye picha ya babu ni Caudron, Farman au ya Mjerumani?

MjukuuWaKilindoni
Wakuu, habari za jioni. Kwenye sanduku la marehemu babu kuna picha ya ndege iliyopinduka, magurudumu juu. Nyasi kavu pande zote, mbuyu kwa nyuma. Nyuma ya picha mtu kaandika kwa penseli "Rufiji 1915". Nyumbani wanaamini ndiyo ndege iliyodunguliwa wakati Waingereza wanaiwinda Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyojificha delta ya Rufiji. Nisaidieni: ni aina gani hasa?

FundiMabawa
Mkuu, hadithi iweke pembeni kwanza, tusome chuma. Ina magurudumu, kwa hiyo zile za maboya zinatoka: Sopwith mbili zilizoletwa mapema 1915 na Short zilizofuata. Inatoka pia Curtiss ya rubani Cutler ya mwishoni mwa 1914, maana ile ilikuwa na tumbo la mashua.

Zinabaki Caudron G.3 na Henri Farman F.27, zilizofika Mafia katikati ya 1915 na kutengenezewa kiwanja cha nchi kavu. Kwa mbali zinachanganya watu, kwa sababu zote mbili hazina kiwiliwili kirefu. Mkia umeshikwa na fito ndefu zilizo wazi. Tofauti iko kwenye injini: Caudron inayo puani, Farman inayo mgongoni kwa rubani, rafadha inasukuma badala ya kuvuta. Yako iko wapi?

MjukuuWaKilindoni
Mbele kuna kikapu kitupu cha kukalia, hakuna injini. Nyuma yake kuna kitu kizito, silinda zimepangwa duara.

Chwaka77
Msiisahau ya Mjerumani. Vita vilipoanza kulikuwa na ndege moja Dar es Salaam, Otto ya rubani Bruno Büchner, nayo injini yake ilikuwa nyuma. Kwa nini isiwe hiyo?

FundiMabawa
Hoja nzuri, kaka. Ila Otto ilitumia injini ya silinda zilizosimama mstari mmoja. Silinda za duara kwenye Farman F.27 ni Canton-Unné, iliyopozwa kwa maji. MjukuuWaKilindoni, tazama fito za mkia: zimevunjika au zimepinda? Farman hiyo fremu yake ni ya mabomba ya chuma, Caudron ni ya mbao. Mbao hukatika na kuacha vijiti vyenye ncha. Bomba hukunjika.

MjukuuWaKilindoni
Zimepinda! Moja imekunjwa kabisa, haikukatika. Magurudumu nahesabu manne.

FundiMabawa
Basi kwangu hilo limekwisha. Injini ya nyuma na mabomba yaliyopinda ni Farman.

Bi_Mwanahawa
Wanangu, aina nakubaliana nayo. Hadithi ndiyo inanisumbua. Ndege iliyodunguliwa tarehe 11 Julai 1915, siku Königsberg ilipoangamizwa, iliwabeba Cull na Arnold. Walikuwa wanaelekeza kutoka angani mizinga ya Severn na Mersey, meli za kivita za Waingereza, na hata ndege ilipopigwa na kuanza kushuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Ujasiri ule unastahili kukumbukwa na kila anayeishi delta. Lakini wao waliangukia mtoni, wakaokolewa na boti ya Mersey. Kwenye picha hii sioni maji wala mikoko. Hii si yao.

Chwaka77
Basi itakuwa ya kikosi namba 26 cha ndege za jeshi la nchi kavu la Uingereza, kilichofika Mombasa mapema 1916 na kupiga kambi Mbuyuni upande wa Kenya. Nao walikuwa na Henri Farman, pamoja na B.E.2c. Mbuyu huo hapo, jina lenyewe linasema.

Bi_Mwanahawa
Mibuyu iko Mafia pia, mwanangu, na pwani nzima. Kuna alama ya duara kwenye bawa? Filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu hutoka nyeusi na buluu hutoka hafifu. Duara la kawaida la Waingereza, jekundu katikati, litaonekana lina kitovu cheusi. Lakini mwanzoni mwa vita ndege za jeshi lao la majini zilichorwa pete nyekundu yenye kitovu cheupe.

MjukuuWaKilindoni
Nimetumia lensi ya fundi saa. Pete nyeusi, kitovu cheupe. Hakuna kingine ndani.

Bi_Mwanahawa
Ni ya wanamaji, basi. Namba 26 haikuwa yao.

Chwaka77
Nakubali kwa kikosi, sikubali bado kwa mahali. Baada ya Königsberg wanamaji hao walipeleka ndege Maktau pia, upande wa Voi. Nyasi kavu na mbuyu ni vya huko pia.

FundiMabawa
Kweli. Tafuta namba ubavuni mwa kikapu au kwenye usukani wa mkia. Piga skani kubwa kadiri mashine inavyoweza, usiisafishe picha kwa kitambaa. Ikisomeka tarakimu hata mbili, tunaweza kuzilinganisha na orodha za ndege za wanamaji.

MjukuuWaKilindoni
Asanteni sana. Kwa sasa kwenye bahasha naandika: "Henri Farman F.27, wanamaji wa Uingereza, Mafia au Maktau." Maandishi ya penseli nayaacha yalivyo. Skani naleta Jumamosi.