Naomba ushauri: kuingia kwenye kompyuta za wateja walio nyuma ya fayawoli

NyandaZaJuu
Wakuu, habari za mchana. Mimi ni fundi kompyuta hapa Iringa, nina wateja saba wanaotumia programu za stoo na mahesabu. Walio mjini nawafikia kwa bodaboda. Wanaonisumbua ni watatu: duka la dawa Mafinga, muuza mbao Makambako na SACCOS moja Njombe.

Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi dada wa duka la dawa kanipigia, programu imegoma kufunguka na wagonjwa wamejaa dirishani. Nikamwelekeza kwa simu nusu saa nzima, nikimwambia bonyeza hiki anabonyeza kile, mpaka tukachoka wote wawili. Nikapanda basi. Nafika, saa ya kompyuta inasoma Januari 2015. Betri ndogo ya kwenye ubao imekufa, umeme ulipokatika usiku tarehe ikarudi nyuma, programu ikakataa kuanza. Nilirekebisha kwa dakika mbili. Yule dada alikuwa ameuza kwa daftari tangu asubuhi, na iliniuma kwa kweli.

Zamani nilitumia TeamViewer ya bure, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Ile ni ya matumizi binafsi, ikagundua nafanyia biashara, ikaanza kunikata. Nikahamia VNC, nayo ni ya kazi hiyohiyo. Mafinga wanatumia ruta ya laini. Nimefungua poti 5900 (mlango wa mtandao unaotumiwa na VNC) kwenye ruta, bado siingii. Ruta inaonyesha anwani ya mtandao (IP) inayoanza na 100.80, nikipima kwenye tovuti inakuja nyingine kabisa. Njombe ndo usiseme, afisa TEHAMA wao ameweka fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ambayo haipitishi kitu zaidi ya kurasa za intaneti. Wenzangu mnafanyaje?

MzeeWaKebo
Pole mkuu. Hiyo 100.80 ndiyo jibu lako. Anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mtandao kugawia wateja wengi IP moja ya umma. Maana yake, nyuma ya ruta ya mteja kuna ruta nyingine kubwa ya kampuni ya simu, na ile huna ruhusa ya kuigusa. Hata ufungue poti zote za Mafinga, simu yako inaishia kwa kampuni, haifiki dukani.

Geuza mwelekeo. Fayawoli nyingi, na hizo ruta za laini pia, zinazuia anayebisha hodi kutoka nje lakini zinamruhusu wa ndani kutoka. Kwa hiyo kompyuta ya mteja ndiyo ikupigie wewe. VNC yenyewe ina njia hiyo: wewe unaiweka programu ya kutazamia katika hali ya kusubiri kwenye poti 5500, mteja anabonyeza mara moja, inakuja. Ila kama na wewe unatumia laini, mtakuwa wawili mliofichwa na hamtakutana. Lazima pawepo sehemu ya katikati yenye IP ya umma, inayofikika kutoka popote.

Jembe_la_Pwani
Mnazunguka sana. Yule wa mbao kama ana faiba na IP ya umma, mfungulie poti 3389, ingia na Remote Desktop ya Windows, kazi imekwisha.

SevaMkononi
Ndugu yangu Jembe, tafadhali usimshauri mwenzio hivyo. Poti 3389 ikiwa wazi kwa dunia nzima, roboti za kujaribu paswedi zinaifikia upesi sana, usiku na mchana. Mwaka 2019 Microsoft walitoa kiraka cha tundu la BlueKeep, ambalo lilimruhusu mtu kuingia kupitia hapohapo bila paswedi yoyote, na tundu lilikuwa kubwa kiasi kwamba walitoa kiraka hata kwa Windows XP ambayo walishaacha kuihudumia.

Mimi nilimfungulia mteja wangu hivyo hivyo. Jumatatu moja akakuta mafaili yote yamebadilika majina, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai pesa. Bakapu ipo kwenye flashi, lakini flashi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ileile, nayo ikafungwa pamoja. Tuliandika upya stoo ya miaka mitatu kutoka kwenye risiti za karatasi, mimi, yeye na mwanawe. Sitarudia.

Na VNC ya kizamani usiipitishe wazi kwenye intaneti. Paswedi yake inasoma herufi nane tu za mwanzo.

Ninachotumia sasa: nimekodi seva ndogo nje, nimeweka RustDesk ya kwangu mwenyewe, programu ya kuingia kompyuta za mbali. Ina sehemu mbili, moja ya kutambulisha mashine na nyingine ya kupitisha mawasiliano pale zinaposhindwa kufikiana moja kwa moja. Kwenye seva unafungua poti za TCP 21115 hadi 21117, na ya UDP 21116 (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data). Kwa mteja hufungui chochote. Mafinga na Makambako utawamaliza hapo. Isakinishe kama huduma ya Windows ukiwa palepale kwa mteja, maana bila hivyo, Windows ikiuliza ruhusa ya msimamizi, kwako kioo kinaganda na unarudi kulekule kwa "dada bonyeza ndiyo".

NyandaZaJuu
Asante sana mkuu SevaMkononi, na pole kwa yaliyokukuta. Njombe je? Kuna kijana kaniambia nitengeneze handaki la SSH, yaani njia iliyofichwa, kupitia poti 443 inayopitisha kurasa salama za intaneti, afisa wao hatajua.

AfisaTEHAMA_Kusini
Nimesoma kimya mpaka hapa. Dada, au kaka, usifanye hivyo. Mimi ndiye mtu wa upande wa pili, nalinda mtandao wa taasisi ya aina hiyohiyo. Mashine moja ya mhasibu ikikaa imeunganika saa kumi na mbili mfululizo na anwani moja ya nje, naiona. Nikiiona bila barua, kwangu huyo ni mwizi, siwezi kujua kuwa ni fundi mwema. Halafu salio na namba za simu za wanachama ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na SACCOS ndiyo itakayoulizwa.

Muandikie barua, ya ukurasa mmoja inatosha. Taja mashine gani, programu gani, anwani ya seva yako, nani ataingia na saa ngapi. Mimi nikipata barua ya namna hiyo naruhusu mashine ile moja itoke kwenda anwani ile moja tu, kwenye 443. Kwa hali hiyo MeshCentral, programu nyingine ya kuingia kompyuta za mbali, itakufaa kuliko RustDesk, kwa sababu inapita 443 kama ukurasa wa kawaida. VPN ya WireGuard usiifikirie pale, inatumia UDP tu, na fayawoli ya kupitisha kurasa tu itaizuia. Na mwombe mhasibu awe anaiwasha mwenyewe mnapoanza kazi, mkimaliza aizime.

BintiWaKaunta
Naongea kama mteja, mimi ni muuzaji. Tunapigiwa simu kila siku na matapeli, mara tuma kwenye namba hii, mara nisomee namba zilizokuja. Fundi wetu alituwekea utaratibu: sisi ndio tunampigia, kwa namba yake tuliyoandika ukutani. Akipiga yeye kwanza, hatumsomei chochote hata kama sauti ni yake. Tunakuwa na amani.

MzeeWaKebo
Nyongeza kuhusu ile tarehe. Saa ikirudi 2015, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kutumika, hivyo kuna programu za kuunganisha ambazo nazo zitakataa. Siku ile huenda hata MeshCentral isingekusaidia. Kabla ya yote muulize mteja: kona ya chini kulia imeandikwa tarehe gani? Na betri ni CR2032, badilisha kwa wote ukiwa unapita.

NyandaZaJuu
Wakuu, mrejesho. Ni kaka, afisa. Nimekodi seva. Mafinga imekubali jana saa mbili usiku. Nilipunguza ubora wa picha na kuondoa picha ya nyuma ili bando la dada lisiishe. Namba yangu imebandikwa pembeni ya mashine. Makambako naenda Jumamosi na betri mfukoni. Poti 5900 niliyofungua kwenye ruta nimeifunga. Barua ya Njombe nimeipeleka kwa mkono leo, afisa ameisoma mbele yangu, akaniuliza seva iko nchi gani. Nimemjibu, akasema nimpe mpaka Jumatano.