Mjadala: Mgonjwa mpya wa kisukari hapa Tanga aanze kwa kupunguza wanga na kilo, au vidonge vinatosha?

Mleta mada, Ngamiani

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naleta hoja iliyokwishagombanisha watu nyumbani kwetu, na najua si kwetu tu. Mtu mzima anapimwa, anaambiwa ana kisukari aina ya pili, anapewa vidonge vya metfomini na glibenklamaidi, anaambiwa aache soda na ale dona badala ya sembe, kisha anapangiwa tarehe ya kurudi. Hakuna aliyempima kiuno. Hakuna aliyemwambia kwamba akipungua uzito wa kutosha mapema, ugonjwa huu kwa watu wengi wa hali yake unaweza kutulia hata dawa zikaachwa.

Msimamo wangu ni huu: kila mgonjwa mpya aliyezidi uzito aelezwe habari hiyo siku ile ile, na kliniki yenyewe imsimamie kupunguza wanga na kilo huku ikimshusha dawa hatua kwa hatua. Sasa hivi habari hii imeachiwa wenye bando na wauza programu za mapishi wa WhatsApp.

Ushahidi upo. Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow waliongoza utafiti wa DiRECT huko Uingereza, na matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka Desemba 2017. Walichukua watu karibu 300 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita na ambao hawakuwa kwenye insulini (homoni ya kushusha sukari). Nusu yao waliachishwa dawa za sukari na chakula cha kawaida, wakawekwa kwenye vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Mwaka ulipokwisha, 46 kati ya kila 100 walikuwa na vipimo chini ya kiwango cha kisukari bila kidonge chochote cha sukari. Waliotibiwa kwa utaratibu wa siku zote walikuwa 4 tu. Na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilifika 86 kwa 100.

Maelezo ya Taylor ni kwamba ini likijaa mafuta halisikii tena insulini, kwa hiyo linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku mtu amelala hajala kitu. Mafuta yakizidi yanafurikia kwenye kongosho, na seli zinazotengeneza insulini zinalegea. Mtu akibana chakula sawasawa, mafuta ya ini ndiyo yanayotangulia kuondoka. Katika utafiti wake mdogo wa 2011, sukari ya asubuhi ilirudi kawaida ndani ya wiki moja.

Sasa tuangalie sahani zetu. Wali uliopikwa una wanga wa gramu 28 hivi katika kila gramu 100. Sahani ya wali wa nazi ya mtu aliyeshinda na njaa ina gramu 300 kirahisi, yaani zaidi ya gramu 80 za wanga, na wanga huo ukisagwa tumboni unaingia kwenye damu kama sukari. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, sawa, lakini bado ni mahindi. Asubuhi vitumbua, mchana wali, alasiri muhogo, usiku ugali: mtu wa namna hiyo tukimwambia aache soda tu, tumemgusa pembeni. Karibuni.

Mkulima, Muheza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini muhogo unausingizia. Babu zetu huku walikula muhogo, ndizi na magimbi miaka yote na hatukusikia habari za kisukari. Ila walilima kuanzia alfajiri, wakashuka mtoni na kupanda na mzigo kichwani. Leo kijana anaita bodaboda kwenda dukani mtaa wa pili. Mtu wa shamba ukimnyima ugali atashikaje jembe? Mimi nasema watu watoke jasho, chakula cha wazee kiachwe.

Muuguzi mstaafu, Raskazone

Mwanangu mleta mada, umesema kweli nyingi, na ndiyo maana naogopa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Nimewapokea watu wanaletwa wamelowa jasho, wanatetemeka, wanaongea visivyoeleweka, wengine hawajitambui kabisa. Ukiuliza nyumbani unaambiwa, "Amesikia aache wanga, ameacha tangu juzi, lakini dawa anameza vizuri." Dawa yenyewe ni glibenklamaidi. Kidonge hicho kinalilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hukula. Ukiacha wali ghafla na dozi ukaibakiza ile ile, sukari inashuka chini ya 4 (mmol/L), na kwa mzee yeyote, zaidi akiwa na figo dhaifu, hali hiyo inaweza kudumu saa nyingi na hata kuua. Metfomini peke yake kwa kawaida haifanyi hivyo. Insulini inafanya, tena kwa kasi.

Nyumba yoyote yenye mgonjwa anayetumia dawa hizo ijue hili: akianza kutoka jasho na kutetemeka huku bado ana fahamu, mpeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

La pili, umeutaja DiRECT kana kwamba ni ushindi wa kuacha wanga. Vile vinywaji vyao zaidi ya nusu ya kalori zake zilikuwa wanga! Kilichowasaidia ni kula kidogo na kupungua kilo. Kufikia mwaka wa pili waliobaki bila kisukari walikuwa 36 kwa 100, na miaka iliyofuata wakazidi kupungua kwa sababu uzito ulirudi. Wamarekani nao walifuatilia watu 5,145 katika utafiti wa Look AHEAD, wakiwapunguza uzito kwa chakula na mazoezi. Ulisimamishwa 2012, kwa kuwa mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakupungua kama walivyotarajia. Sikatai hoja yako. Nakataa mtu atoke hapa akatupe vidonge vyake jalalani.

Mama lishe, Makorora

Mimi ndiye ninayewapikia hao mnaowasema. Mteja wangu ni mbeba mizigo, ni fundi. Anataka sahani ishibishe kwa hela aliyo nayo. Nikimpunguzia wali nikamwongezea samaki, bei inapanda, anahamia kwa jirani. Changu wa soko la samaki la Deep Sea bei yake mnaijua. Hii habari ya nyama na mayai asubuhi na jioni ni ya wenye nacho. Nionyesheni kwanza mboga ya kushibisha mtu kwa bei ya wali, halafu tuongee.

Mleta mada, Ngamiani

Nianze na mama yangu muuguzi. Onyo lako nalipokea lote, na ndilo linalonifanya niidai kliniki. Mgonjwa hawezi kujishusha glibenklamaidi mwenyewe kwa kukisia. Lakini watu wameshaanza, mama. Wanaacha wali kwa kusikia jirani, na daktari wao hajui. Kliniki ikinyamaza, hao unaowapokea wakiwa na jasho wataongezeka.

Kuhusu wanga, umenibana kwa haki: DiRECT haukuwa utafiti wa wanga kidogo. Ila tafiti za wanga kidogo zipo. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mkusanyo wa majaribio 23. Kwa miezi sita, 57 kwa 100 ya waliobana wanga walishuka chini ya kiwango cha kisukari, kulinganisha na 31 kwa waliokula milo mingine. Lakini baadhi yao walikuwa bado wanatumia dawa, na kufika mwaka mzima tofauti ilikuwa imefifia. Chama cha kisukari cha Marekani nacho kilisema 2019 kwamba kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari, kwa mpangilio wowote wa chakula ambao mtu ataumudu. Kwa hiyo kilo ndizo zinazotakiwa zitoke. Kwetu Tanga ninaanzia kwenye wanga kwa sababu ya jikoni kabisa: ndio unaojaza sahani. Hatuna vinywaji maalumu vya kununua kwa miezi mitatu. Tunacho kijiko cha upawa, na tunaweza kuuza wali nusu.

Na asiseme mtu haya ni ya Wazungu tu. Qatar walifanya utafiti wa DIADEM-I, ukachapishwa 2020, kwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, vijana na watu wa makamo wenye kisukari kisichozidi miaka mitatu. Kwa mwaka mmoja 61 kwa 100 ya waliosimamiwa kupunguza uzito walitulia, dhidi ya 12 kwa matibabu ya kawaida. Hao nao ni watu wa wali na mikate, na wanafunga Ramadhani kama sisi.

Kaka wa Muheza, jasho nakubaliana nalo, na anayelima kutwa anahitaji chakula chake. Ninayemzungumzia hajashika jembe miaka mingi. Kutembea kunasaidia sukari na moyo, lakini kwa kutembea peke yake, sahani ikabaki vile vile, kilo 15 hazitoki. Tena uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa 9.1 kati ya kila 100 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hao si wa mjini wote.

Dada mama lishe, wewe ndiye uliyenipa kazi ngumu kuliko wote. Nyama sikuitaja na sitaitaja. Dagaa, matembele, mchicha, kisamvu, bamia, mlenda, nyanya chungu, kunde: hivyo vipo sokoni Ngamiani na Makorora. Kunde zina wanga, lakini zinapandisha sukari taratibu na zinashibisha. Tui lina kalori nyingi, kwa hiyo kisamvu kisiogelee. Simwambii mbeba mizigo wako aache wali. Namwambia mwenye kisukari achukue robo ya sahani, na nafasi iliyobaki aijaze mboga na dagaa. Tatizo ni kwamba sahani ya namna hiyo hakuna anayeiuza, naye akiiomba anaonekana mgonjwa mbele za watu.

Mama wa watoto watatu, Mwanzange

Hapo pa kuonekana mgonjwa ndipo palipo shida. Mimi nilipungua. Sukari ikashuka, daktari akanipunguzia dawa, nikafurahi. Lakini mtaani? "Shoga, umekonda, una nini?" Wengine hawakuuliza, waliangaliana tu, nikajua wanafikiria ugonjwa gani. Mama mkwe alidhani mwanawe hanilishi. Kwetu mwanamke akinawiri ndiyo ameolewa vizuri. Na chungu ninapika mimi, siwezi kupika vyungu viwili kila siku, watoto wanataka wali wao. Mume wangu yeye ni mwembamba tangu ujana, na ana kisukari vile vile. Yeye apungue nini?

Muuguzi mstaafu, Raskazone

Asiguswe, mwanangu! Nafurahi umeuliza. Mtu mwembamba mwenye kisukari asianze kujinyima chakula. Kuna wanaopata aina ya kwanza ukubwani, hao bila insulini wanakufa. Na kuna kisukari kinachohusishwa na utapiamlo; Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kama aina ya tano katika mkutano wa Bangkok, Aprili 2025. Kumnyima chakula mtu wa namna hiyo ni kumdhuru. Mume wako arudi kliniki aulizwe upya ana aina gani.

Wengine wasiopaswa kuanza haya bila daktari: mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, aliye kwenye insulini, na anayetumia dawa za kundi la dapaglifolozini (zinazotoa sukari kwa mkojo), maana hizo ukibana wanga sana damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana nzuri. Jambo moja zaidi ambalo huku pwani tunalisahau: kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaweza kudanganya kwa mwenye siko seli au upungufu mkubwa wa damu. Mtu asishangilie karatasi moja. Apimwe na ya kidoleni pia.

Mleta mada, nakuunga mkono kwa sharti moja. Kabla kliniki haijamwambia mtu apunguze wanga, iwe na vipande vya kumpimia sukari kila wiki na mtu wa kumpigia simu. Bila hivyo, bora wangoje.

Kijana wa Chumbageni

Mbona hakuna anayegusa futari? Muhogo, magimbi, viazi, ndizi, tambi, kaimati, vyote meza moja, na uji juu. Baba anafunga na dawa anameza. Nifanyeje?

Mleta mada, Ngamiani

Mdogo wangu, anza kabla ya mfungo. Mpeleke baba kliniki mwezi wa Rajabu au Shaaban, aulizwe kwanza kama afya yake inamruhusu kufunga, na kama anaruhusiwa, dozi zipangwe upya kwa ajili ya daku na futari. Achague aina moja tu ya wanga: akichukua magimbi, muhogo na tambi zipite kwa wengine. Afungue kwa tende moja na maji, ale supu ya samaki au kunde na mboga, wanga uje mwisho na uwe kidogo. Kaimati zenye shira asiziguse. Apimwe mchana, wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, afungue hapo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Mama muuguzi, sharti lako la vipande na simu nalikubali, isipokuwa hilo la kungoja. Nusu yake haihitaji bajeti kubwa: mizani ipo kliniki, utepe wa kupimia kiuno upo kwa kila fundi cherehani, na dozi ya glibenklamaidi inaandikwa na yule yule anayemwona mgonjwa leo. Waanze na wanaotumia metfomini peke yake, ambao hatari yao ya kushuka sukari ni ndogo, wakati vipande vya kuwapimia waliobaki vikitafutwa.