Kuletewa mpira na kujitafutia shuti si kitu kimoja! Nimechoka na hizi asilimia zenu

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie. Kila mjadala wa mpira wa kikapu, wa nani aweza kujitengenezea shuti, ukianza, iwe humu, iwe maskani, iwe nje ya ukumbi wa Makande watu wakitoka mechi, haupiti muda mtu ashachomoa simu asoma asilimia ya mashuti yaliyoingia. "Huyu apiga 40 za pointi tatu, wako 36, kwisha maneno." Kwisha nini? Asilimia yakwambia mpira uliingia. Haikwambii nani alimwondoa beki njiani.

Tuanze na Klay Thompson wa NBA, ligi ya Marekani, maana ndiye mnayemleta kila siku. Tarehe 5 Desemba 2016 aliwafunga timu ya Indiana pointi 60 kwa dakika 29. Sitamvunjia heshima, Klay ni moto. Lakini usiku ule mzima alidunda mpira mara 11 tu, na ukijumlisha muda aliokaa nao mikononi ni kama sekunde 90. Pointi 60! Ile ni kazi kubwa ya kukimbia bila mpira, kuzunguka skrini (mwenzako asimama kumziba beki wako) na kufika mahali miguu ikiwa tayari. Wangapi hapa pwani waweza? Hata hivyo skrini aliwekewa, pasi alipewa, na beki wa kumsaidia mwenzake hathubutu kumwacha Stephen Curry, mpigaji mwingine hatari wa timu ya Klay, upande wa pili. Anayeletewa sahani ya biriani akaimaliza vizuri hajawa mpishi, jamani.

Sasa mtazameni James Harden wa msimu wa 2018-19. Wastani wa pointi 36.1 kwa mechi, na kuna mechi 32 mfululizo ambazo hakushuka chini ya 30. Zile tatu zake nyingi mno hazina asisti (pasi ya kufungishia) ya mtu yeyote. Asimama juu pale peke yake, mlinzi ajua hatua ya kurudi nyuma inakuja, benchi zima lajua, hata mimi niliyekaa macho saa kumi kasorobo usiku na sauti nimeizima nisimwamshe mtu najua, na bado apata upenyo. Asilimia yake ya tatu mwaka ule ilikuwa 36.8, ya Klay 40.2. Na kwa tofauti hiyo ndogo mwataka kuniambia Klay ni mtengenezaji bora? Wallahi mwaniudhi. (Najua Harden hana pete ya ubingwa. Uzi wa pete fungueni wenu.)

Kisha kuna saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imerusha shuti, ambayo nyote mwajifanya hamuioni. Mpango wa kocha ukifeli, pasi tatu zimepigwa hazikuzaa kitu, zimebaki sekunde tano, mpira wapewa nani? Wapewa huyohuyo mnayemcheka asilimia. Yeye arusha akiwa na mkono wa beki usoni kwa sababu wenzake wamemaliza muda. Ikikosa, yaandikwa kwake. Mpiga wa kona, yule asubiriye pembeni kuletewa, hapewi taka zile, kwa hiyo karatasi yake hubaki safi. Ndiyo sababu ukilinganisha namba mbili hizo bila kuuliza kila mtu alirusha wakati gani na akiwa amekabwa vipi, bado hujalinganisha kitu.

Mwingine atakuja na Kyrie Irving na fainali ya NBA ya 2016, mechi ya saba, 89 kwa 89, imebaki chini ya dakika moja. Atasema hata pale kulikuwa na skrini. Ndiyo, ilikuwepo, ikamleta Curry mbele yake. Baada ya hapo skrini kazi yake imekwisha. Kyrie alibaki na mtu mmoja, akamtikisa, akajitoa kulia, akapiga tatu. Ray Allen, fainali ya 2013, mechi ya sita, alipiga shuti kubwa vilevile, lakini rebaundi (kudaka shuti lililokosa) ilikuwa ya Chris Bosh na pasi ya Chris Bosh. Mashuti yote mawili yaliokoa timu. Ni kazi mbili tofauti, basi.

Na msiniambie kujitengenezea ni kudunda tu. Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, alikuwa akipokea mpira chini kikapu kikiwa mgongoni, bega huku, mguu kule, na 1995 alimzungusha David Robinson aliyekuwa ndiye mchezaji bora wa msimu huohuo. Dirk Nowitzki alikuwa na mguu mmoja hewani na mpira juu usikofikika. Yule kijana wenu wa kupitisha mpira katikati ya miguu dakika nzima halafu arusha juu ya watu watatu hajatengeneza chochote. Beki hakusogea hata hatua moja.

Nyumbani pia tunao mfano. Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya 74, Angola 73, shuti la Tylor Ongwae dakika ikimalizika. Angola, wakati ule mabingwa wa Afrika mara 11! Ndivyo Morans, timu yetu ya taifa, walivyorudi AfroBasket, kombe la Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mbona siku ile hakuna aliyeuliza asilimia zake?

Sasa kinachonichoma hasa. Kocha wa timu yetu ya mtaa, jina silitaji, ajijua, kamweka nje gadi wetu (mshika mpira) wa mkono wa kushoto kwa sababu ati "akosa sana". Nafasi yake kachukua kijana wa kona, mtulivu, ana mkono mzuri, sina neno naye. Tulipofika fainali wapinzani wakakaba mtu kwa mtu na kuziba pasi zote. Mpira ukazunguka, ukazunguka, kila mtu asubiri kuletewa na hakuna wa kuleta. Mara mbili refa alipuliza muda umekwisha hata shuti halijatoka mkononi! Na yule gadi yuko benchi, taulo kichwani. Kesho yake kocha atwambia ilikuwa bahati mbaya. Bahati gani hiyo?

Haya, nawasubiri. Mkija, njooni na jina la mchezaji, nani alikuwa akimkaba, saa ilikuwa imebakisha ngapi, na kama palikuwa na asisti. Wa asilimia tupu nampita bila salamu. Nawe kocha, najua wasoma humu kimyakimya: mazoezi ni Jumanne, yule kijana mrudishe.