Mjadala: Je, filamu zinazowageuza wahusika wa watoto kuwa wauaji zipigwe marufuku?

Wakuu, wapo wanaotaka filamu hizi zifungiwe kabisa. Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Kitabu cha A. A. Milne kuhusu dubu Winnie-the-Pooh kilitoka 1926. Kwa sheria ya Marekani, hakimiliki ya kazi za wakati ule hudumu miaka 95, hivyo tarehe 1 Januari 2022 kikawa mali ya umma, yaani yeyote anaweza kukitumia bila kuomba ruhusa. Mwaka 2023 ikaingia sinema Winnie-the-Pooh: Blood and Honey, filamu ya Uingereza ambamo Pooh ni muuaji, yenye bajeti isiyofika dola 100,000, nayo ikavuna mamilioni. Tigger, rafiki wa Pooh aliye chui-milia, hakuwemo, kwa sababu alizaliwa katika kitabu cha 1928 na bado alikuwa na mwenyewe. Akasubiri sehemu ya pili, 2024. Hapo wizi uko wapi?

Mnaosema ni kunajisi urithi wa watoto, kumbukeni kampuni ya Disney nao walichukua ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani, wakazilainisha walivyotaka, wakatajirika. Ruhusa ya kulainisha ndiyo hiyohiyo ya kutisha. Tukiifunga kwa mmoja tumeifunga kwa wote, na atakayefaidika ni kampuni kubwa yenye mawakili.

Ubora ni suala jingine. Filamu ile ilizoa tuzo tano za Razzie, zile za dhihaka kwa filamu mbovu za mwaka, ikiwemo ya filamu mbovu kuliko zote, na ilistahili: hadithi haipo, ni kuchinjana tu. Lakini ubovu haujawahi kuwa kosa la jinai.

Kinachoniumiza ni watoto. Oktoba 2023, katika shule moja ya eneo la Miami, Marekani, wanafunzi wa darasa la nne waliwekewa filamu hiyo darasani. Mtoto wa miaka tisa akiliona jina la Pooh anaamini ni la kwake, na mtu mzima mwenye haraka hudanganyika vilevile. Hapo ndipo nataka sheria iume: umri wa mtazamaji uandikwe kwa herufi kubwa kama jina lenyewe, na huduma za filamu mtandaoni zisiioneshe kamwe mtoto anapotafuta jina la mhusika wake. Gharama hiyo wabebe wanaouza.

Mnaotaka marufuku, nijibuni hili: nani atapewa kalamu ya kuamua mhusika yupi ni mtakatifu, na hadi lini?