Kukaa na simu kwenye benchi kati ya seti: kosa langu liko wapi?

DadaChuma:
Wadau, habari zenu. Jana jioni nimesemwa jimu mpaka usingizi ukanipaa, naomba mnisikilize.

Huu ni mwezi wa saba tangu nianze kunyanyua vyuma. Sina kocha, simu ndiyo kocha wangu: humo nimeandika kila kilo na kila rudio, na saa ya mapumziko imo humohumo. Jana nilikuwa kwenye benchi la kifua, seti 5 za marudio 5, kilo 40. Nikimaliza seti naketi, nawasha saa ya dakika 3, nasubiri. Baada ya seti ya tatu, zimebaki kama sekunde 50, ukaingia ujumbe wa mdogo wangu niliyemwachia mtoto: "Joto limepanda, nimpe dawa?" Nikawa namjibu. Kuinua macho, baba mmoja wa makamo amesimama mbele yangu, taulo begani. "Binti, hapa si sebuleni kwenu. Kama umekuja kuchati, wapishe wenye mazoezi." Kwa sauti, jimu nzima ikageuka. Sikujibu neno. Nikachukua chupa yangu ya maji nikaondoka, seti mbili sijazifanya.

Dakika 3 zile ni zangu hata ningekuwa naangalia ukuta. Na pembeni yetu kulikuwa na kijana kasimamisha simu kwenye stendi anajirekodi, mimi nikiwa nyuma yake kwenye picha, na hakuambiwa kitu. Niambieni ukweli, nakubali kukosolewa.

MzeeWaVyuma:
Binti yangu, pole, na mtoto apone haraka. Mtu mzima kukusema mbele za watu si adabu, hilo silitetei.

Lakini umeomba ukweli. Anayekusubiri haioni saa yako. Anaona kichwa kilichoinama na kidole gumba kinatembea, hajui zimebaki sekunde 50 au nusu saa. Sisi tulioanza kabla ya simu hizi, tukipumzika tulikuwa tunatazamana. Mwenye shida na benchi anakuuliza kwa macho, unamwonyesha vidole viwili, anajua zimebaki seti mbili. Siku hizi macho hayo yako kwenye kioo. Ukiketi, inua uso. Ukimwona mtu anazungukazunguka, mwambie, "Bado mbili, karibu tupokezane." Wewe unapumzika, yeye anasukuma, mnabadilishana sahani za uzito, na dakika zako 3 zinabaki palepale. Ujumbe wa mtoto ujibu, nani atakulaumu? Simama tu hatua mbili pembeni ya benchi.

KochaWaJioni:
Mzee amesema vizuri. Naongeza kuhusu hizo dakika, maana wengi humu wanadhani kupumzika ni uvivu. Mwongozo wa mwaka 2009 wa American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya michezo, ulipendekeza mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kwa mazoezi makuu ya uzito mkubwa, yale yanayotumia viungo vingi kama skwati na kusukuma kifua. Kwa hiyo dada, saa yako iko sawa kabisa.

Ninaopambana nao mimi ni wale ambao saa inalia, wanaizima, wanarudi kwenye video. Dakika ya saba mtu anashika chuma, mwili umeshapoa.

Na tafadhali, simu kwenye mashine ya kukimbilia! Nimemshuhudia mtu anasoma ujumbe huku anakimbia kilomita 9 kwa saa. Simu ikaponyoka, ikatua kwenye mkanda, ikarushwa nyuma, naye akageuka kuifuata mkanda ukiwa bado unazunguka. Ngozi ya magoti yote mawili ilibaki pale. Kile kikamba chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa kinaning'inia, hakukibana kwenye nguo.

Nuru_K:
Mimi niko kwa huyo kijana wa stendi. Kujirekodi si vibaya, mimi mwenyewe nimegundua kwa video kwamba goti langu la kushoto linaingia ndani nikichuchumaa, nisingelijua kwa kioo. Ila geuza kamera kwenye ukuta, au waulize walio nyuma yako. Stendi isikae kwenye njia ya watu wenye dambeli mkononi.

Chumba cha kubadilishia nguo ndiyo sitaki hata mjadala. Mwaka 2016 huko Los Angeles, mwanamitindo mmoja alimpiga picha mwanamke wa miaka 70 akiwa uchi chumbani humo, akaiweka Snapchat kumcheka mwili. Mwaka uliofuata mahakama ilimpa miaka 3 ya uangalizi na siku 30 za kufuta michoro ukutani. Mama wa watu alikuwa ameenda kuoga tu. Mle ndani simu ibaki kwenye begi, hata kama anayepiga ni bosi wako. Mtu aliyevua nguo hawezi kujua kamera yako inatazama wapi.

DadaChuma:
Asanteni, na Mzee shikamoo. Homa ya mtoto imeshuka.

Leo nimerudi. Yule baba sikumkuta, lakini kijana alikuwepo, nikamfuata nikamwomba kwa upole anionyeshe video ya jana. Hakubisha. Nikajiona: nimeketi, kichwa chini. Na yule baba yuko pale tangu nilipoweka chuma chini. Anasogea, anarudi, anahamisha taulo bega hili kwenda lile, mara mbili anafungua mdomo kama anayetaka kuuliza. Nimeangalia muda kwenye video: dakika 2 na sekunde 10 amesimama, na mimi sikuinua uso hata mara moja.

Bado naona hakupaswa kunisema vile. Kijana ameifuta video mbele yangu, akaniomba radhi, akaigeuzia stendi ukutani. Simu yangu nimeizima milio yote isipokuwa ya mdogo wangu. Kesho kutwa ni siku ya kifua, na yule baba huwa anakuja saa kumi na mbili. Nitamwamkia, nimuulize kama tunaweza kupokezana.