Boston 2022/23 au Montreal 1976/77: aliyevunja rekodi akatoka raundi ya kwanza anastahili kuitwa bora?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Najua hoki ya barafu si mchezo wa vijiweni kwetu, lakini humu tuko wengi tuliohamia kwenye baridi na ugonjwa huu umeshatupata. Naweka hoja wazi ili mnishambulie vizuri: msimu bora katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ni wa Boston Bruins, 2022/23. Kutolewa kwao raundi ya kwanza hakunibadilishi.

Kwa wageni, kwa kifupi. Msimu huo kila timu ilicheza mechi 82, halafu timu 16 zikaingia mtoano wa kugombea Kombe la Stanley. Kila raundi ya mtoano, anayetangulia kushinda mechi 4 anasonga mbele. Boston wale walishinda 65 kati ya 82, wakapoteza 12 ndani ya dakika 60 na 5 nyingine katika nyongeza au matuta. Pointi 135. Hakuna timu iliyowahi kufika hapo. Waliokuwa wakishika rekodi ni Montreal Canadiens wa 1976/77, pointi 132, na rekodi hiyo ilikaa miaka 46. David Pastrnak alifunga magoli 61. Kipa Linus Ullmark alishinda mechi 40, akapoteza 6 tu katika dakika za kawaida.

Mtoano ukaanza, wakakutana na Florida Panthers wenye pointi 92, timu iliyoponea tundu la sindano kuingia. Boston wakaongoza 3-1. Wakapoteza tatu zilizofuata.

Swali langu: mechi 7 za wiki mbili zinafutaje kazi ya miezi sita?

Mkazi wa Montreal:
Zinafuta, mkuu. Mbio za barafuni huishia ukingoni.

Mimi niko mji huu mwaka wa 19 sasa, nilifika kutoka Lubumbashi sijui hata kisahani kile cheusi kinaitwaje. Wazee wa hapa wakikutajia 1976/77 wanataja majina kama watu wanaosali: Lafleur, Shutt, Lemaire, Robinson, Savard, Lapointe, Gainey, na Dryden golini. Mechi 80: ushindi 60, sare 12, kufungwa 8. Nyumbani walifungwa mechi moja tu msimu mzima. Moja! Kisha wakaingia mtoano, wakashinda 12 na kupoteza 2, na fainali wakamchapa nani? Boston hao hao, 4-0.

Unalinganishaje timu iliyomaliza kazi na iliyoiacha njiani?

Mleta mada:
Ndugu yangu, Montreal wale walicheza ligi ya timu 18, na kulikuwa na ligi pinzani, WHA, iliyokuwa ikiwanyonya wachezaji. Nyota kama Gordie Howe na Bobby Hull wote walikuwa huko mwaka ule. Timu nyingine za NHL zilikuwa hoi, mbili zilikuwa zimehamishwa miji kiangazi hicho hicho. Boston wamecheza ligi ya timu 32 yenye ukomo wa mishahara, hakuna timu inayoruhusiwa kuupita. Kutawala ligi ya namna hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Na tusisahau namna Montreal walivyompata Guy Lafleur. Meneja wao Sam Pollock alizungumza na timu dhaifu ya California mwaka 1970, akachukua haki yao ya kuchagua chipukizi mwaka uliofuata. California wakamaliza mkiani, na chaguo la kwanza la 1971 likaangukia Montreal. Ni ujanja halali kabisa, ila leo nani angekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia namna ile?

Fundi Hesabu:
Samahani naingilia. Hamjagusa jambo la msingi, nalo ni kwamba pointi za zamani na za sasa si sarafu moja.

1976/77 msimu wa kawaida haukuwa na nyongeza. Dakika 60 zikiisha mko sawa, mnagawana, kila mmoja pointi moja. Leo hakuna sare. Mnaingia nyongeza ya dakika 5, watatu kwa watatu, ikishindikana mnapiga matuta. Mshindi anapata 2 na aliyefungwa anaondoka na 1. Pointi hiyo ya kufuta machozi haikuwepo zamani.

Sasa twende polepole. Montreal walikuwa na sare 12. Wape sheria za leo, tuseme wangeshinda nusu tu ya nyongeza hizo (na kwa timu ile nusu ni ubahili). Wanaongeza pointi 6, jumla 138, kwa mechi 80.

Geuza upande wa pili. Boston walishinda 54 ndani ya dakika 60. Ushindi 11 uliobaki ulipatikana katika nyongeza au matuta, na humo humo walipoteza 5. Kwa sheria za zamani hizo 16 zote ni sare. Ushindi 54, kufungwa 12, sare 16, sawa na pointi 124.

Hata ukiacha kubadilisha sheria, chukua asilimia ya pointi zilizowezekana: Montreal 132 kati ya 160 ni 82.5. Boston 135 kati ya 164 ni 82.3. Rekodi imevunjwa kwenye karatasi kwa sababu kuna mechi mbili zaidi.

Tofauti ya magoli siigusi kwa leo. Basi nimeigusa: Montreal walifunga 387, wakafungwa 171.

Mkazi wa Montreal:
Fundi, Mungu akuzidishie.

Mleta mada:
Hesabu naikubali nusu. Timu hubadilika kulingana na sheria. Ukijua sare inakupa pointi na kuendelea kunakupa nafasi ya pointi ya pili, dakika kumi za mwisho unazicheza vingine. Huwezi kuchukua mechi za 2023 ukazikata dakika ya 60 na kusema hayo ndiyo yangekuwa matokeo ya 1977.

Ila hilo la asilimia limeniuma, sikatai.

Kipa wa Zamani:
Nilicheza kidogo pale Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, kiwanja kidogo kuliko kinavyotakiwa, lakini barafu ni barafu. Kwa hiyo nitazungumza kama kipa, kwa sababu mfululizo ule na Florida uliamuliwa golini na kwenye benchi la kocha.

Msimu mzima kocha wa Boston, Jim Montgomery, aliwapokezanisha Ullmark na kipa mwenzake Jeremy Swayman. Miguu ya wote wawili ilikuwa safi, na ndiyo siri ya zile 135. Mtoano ulipoanza akaacha dawa iliyokuwa inamponya: Ullmark akaanza mechi 6 mfululizo. Mechi ya 5, kwenye nyongeza, alitoka nyuma ya goli kucheza kisahani, akakosea, Matthew Tkachuk wa Florida akamaliza. Mechi ya 6 wakafungwa 7-5. Ndipo mechi ya 7 akaitwa Swayman aliyekuwa amekaa benchi wiki mbili. Kijana alijitahidi. Boston waliongoza 3-2, ikabaki kama dakika moja Brandon Montour wa Florida akasawazisha, na kwenye nyongeza Carter Verhaeghe akazima taa.

Sasa mnaniambia hizo ni bahati za mechi 7. Sivyo. Ni maamuzi. Na kumbukeni Patrice Bergeron, nahodha, aliumia katika mechi ya mwisho kabisa ya msimu, tena huko huko Montreal, rekodi ya pointi ikiwa imeshavunjwa siku mbili kabla. Akakosa mechi 4 za kwanza za mtoano. Alikuwa anacheza mechi isiyo na faida yoyote kwenye msimamo! Mimi nahesabu hilo kama sehemu ya msimu wao, kama ninavyohesabu ushindi 65. Dryden wa Montreal naye alikuwa na msaidizi, Michel Larocque, aliyeshinda mechi 19 mwaka ule. Wakati wa kombe kocha wao Scotty Bowman alijua anampa nani lango.

Mwana Florida:
Jamani, nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu atuheshimu. "Tundu la sindano"? Mwaka mmoja kabla, 2021/22, Panthers ndio walioongoza ligi nzima kwa pointi 122, na wao wakatolewa raundi ya pili kwa 4-0. Tunaijua aibu hiyo kwa jina. Msimu uliofuata timu ilibadilishwa, kocha mpya Paul Maurice, Tkachuk akaletwa, wakasuasua miezi mingi mpaka wakaelewana. Boston walikutana nasi tukiwa tumeshaelewana. Tukafika fainali mwaka huo, tukapoteza kwa Vegas. 2024 tukachukua kombe. 2025 tukachukua tena.

Mleta mada:
Umenisaidia bila kujua! Kama Florida walikuwa mabingwa wanaochipukia, basi Boston hawakufungwa na vibonde. Mwaka huohuo wa 1977 Montreal hawakukutana na mtu wa aina hiyo mpaka...

Mkazi wa Montreal:
New York Islanders, nusu fainali, 4-2. Hao baadaye walichukua makombe manne mfululizo kuanzia 1980. Endelea tu.

Mleta mada:
Haya.

Mzee wa Kumbukumbu:
Wanangu, mnabishana kama vile Boston jambo hili liliwapata mara moja. Fundi, umetaja asilimia ukaishia 1977. Rudi nyuma zaidi.

Msimu wa 1929/30 Boston Bruins walicheza mechi 44. Ushindi 38, kufungwa 5, sare 1. Pointi 77 kati ya 88, asilimia 87.5, na mpaka leo hakuna aliyeifikia. Ndio mwaka ligi iliporuhusu pasi za mbele katika eneo lote la uwanja. Washambuliaji wakaenda kujiegesha mbele ya goli, magoli yakamwagika, mpaka ligi ikabadilisha sheria ya kuotea msimu ukiwa unaendelea. Cooney Weiland wa Boston alifunga 43.

Msimu mzima hawakuwahi kufungwa mechi mbili mfululizo. Fainali ya kombe ilikuwa ya anayetangulia kushinda mbili. Wakafungwa mbili mfululizo. Na waliowafunga ni Montreal Canadiens. Mwaka uliofuata fainali ikaongezwa, ikawa ya anayetangulia kushinda tatu, ila Boston walikuwa wameshalia.

Kwa hiyo, mleta mada, hoja yako kwamba mechi chache zisifute msimu ni nzuri, tena mimi naiunga mkono kuliko hawa vijana. Lakini ukiishika kikweli, timu yako ya 2023 hata ndani ya klabu yake ni ya pili.

Fundi Hesabu:
Mzee amefunga mjadala kwa asilimia tano za ziada.

Mleta mada:
Shikamoo, mzee. Sikutegemea kupigwa kutoka upande huo.

Mzee wa Kumbukumbu:
Marahaba. Sasa unatetea Boston ipi, ya 1930 au ya 2023?

Mleta mada:
Zote mbili. Nina jezi ya moja tu.